Fundi kanifutia data za miezi mitatu kwa tatizo la kuandika mstari mmoja tu

Wakuu, habari zenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na zile za ubishi wa Linux na Windows, sijaja kwa ajili hiyo. Nimekuja kulalamika kuhusu fundi wa hapa Arusha mjini aliyepokea laptopu yangu ikiwa na kazi yangu yote, akairudisha tupu, akachukua 85,000 juu yake.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, nakaa Sakina. Utafiti wangu ni floridi kwenye visima na chemchemi za pembezoni mwa Mlima Meru, upande wa Oldonyosambu na Ngarenanyuki. Watu wa Arusha hadithi hii mnaijua kwa macho: watoto wanaota meno ya kahawia, na kuna wazee ambao maji hayo yamewapinda mifupa. Shirika la Afya Duniani linataka floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nimepima visima vinavyozidi kiwango hicho mara kadhaa, na watu wanachota kila siku. Kipimo changu kina kumbukumbu ndogo, kwa hiyo kila jioni nikirudi nahamishia namba kwenye laptopu, halafu nafuta kipimo kipate nafasi ya kesho. Nakala ya mwisho niliyoweka kwenye flashi ni ya Februari. Masika yote, Machi hadi Mei, yalikuwa kwenye laptopu peke yake. Hilo ni kosa langu, nimelikubali, msinijibu kwa hilo.

Laptopu inatumia Ubuntu, yaani mfumo wa Linux badala ya Windows, miaka miwili haijanisumbua. Jumatatu moja ikaleta apdeti, nikakubali, nikaizima na kuiwasha. Nembo ikatokea, ikakwama. Feni inapiga kelele, kibodi haiitiki. Nilipoizima kwa kitufe na kuiwasha tena nikabonyeza Esc ile picha ya mwanzo iondoke, nikaona maandishi yanashuka, kisha yanasimama palepale. Nikayapiga picha kwa simu. Hiyo picha iwekeni akilini, nitairudia.

Nikapanda kifodi hadi mjini kwa fundi niliyeelekezwa. Nikamwambia tangu mwanzo: kaka, humo ndani kuna data za utafiti, usiguse diski kabla hujaniambia. Nikamwonyesha na ile picha. Hakuisoma. Aliitupia jicho tu akasema, "Dada, hayo ni maandishi ya Linux, hayana maana. Na diski hiyo imekufa. Niachie, nitaangalia, nitakupigia."

Kesho yake saa tisa alasiri akapiga: "Imepona, njoo na hela."

Nikafika, naona Windows. Nikauliza mafaili yangu yako wapi. Akajibu, "Nimekupigia Windows mpya, sasa utasahau shida." Nikamuuliza tena: diski si ulisema imekufa? Umeweka nyingine? Akasema hapana, ni ileile, ameifomati na imekaa sawa. Wakuu, kama imekufa, hiyo Windows umeipiga juu ya nini? Na kama haijafa, kwa nini umeifuta bila kunipigia simu hata ya dakika moja? Alinijibu, "Dada, si inawaka?" Nililipa kwa sababu aliishikilia laptopu mpaka atakapoiona hela.

Jumamosi nikaenda Moshi kwa kaka mmoja anayeshughulika na seva. Yeye kitu cha kwanza aliomba ile picha. Akaikuza, akaweka kidole kwenye mistari inayoanza na neno nouveau, na chini yake: "watchdog: BUG: soft lockup - CPU#2 stuck for 22s!" Akanieleza polepole. Keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo kinachoongoza vifaa, haibebi ndani yake kila draiva, yaani programu ya kuendesha kifaa. Draiva nyingi ni moduli, vipande vilivyowekwa kwenye /lib/modules, kila toleo la keneli na folda lake, na vinaitwa pale kifaa kinapoonekana. Nouveau ni moduli ya kadi za picha za Nvidia. Iliandikwa na watu waliochunguza kadi hizo kwa nje bila kupewa nyaraka zake, ikaingia kwenye Linux mwaka 2010. Apdeti ya Jumatatu ilileta keneli mpya, na moduli mpya ndani yake. Hiyo moduli ilipoigusa kadi yangu ikakwama, na prosesa ikakwama nayo. Sekunde 22 ni mlinzi wa keneli anapiga yowe kwamba kuna kazi imeshika prosesa haitaki kuachia. Maandishi "yasiyo na maana" yalikuwa yanataja mgonjwa kwa jina!

Hakuishia kwenye maneno. Alichomeka flashi ya Ubuntu mpya, laptopu ikakwama palepale. Akaizima, akaiwasha, menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo wa kuwasha, ilipotokea akabonyeza herufi e, akashuka hadi mstari unaoanza na neno linux, akafuta quiet splash, akaandika modprobe.blacklist=nouveau, yaani moduli ya nouveau isiitwe, akabonyeza F10. Ikawaka. Picha ililetwa na kadi ya Intel iliyomo ndani ya prosesa, ile nyingine ikaachwa imelala. Akapima diski kwa smartctl, programu ya kukagua afya ya diski, ikajibu PASSED, yaani ni nzima. Hakukuwa na kitu kilichokufa kwenye laptopu yangu. Nilikaa pale nikalia, siogopi kusema.

Kingine kilichoniuma zaidi: hata huo mstari haukuhitajika. Ubuntu ikileta keneli mpya haifuti ya zamani siku hiyohiyo. Unawasha, unabonyeza Esc mara moja (mashine za zamani unashikilia Shift), unaingia kwenye chaguo za ziada, unachagua keneli ya juzi, unaendelea na kazi yako. Na fundi asiyejua Linux kabisa, na si dhambi kutoijua, bado angeweza kuitoa diski akaisoma kwenye mashine nyingine akanihamishia mafaili kabla ya kupiga hiyo Windows yake.

Tulijaribu kurudisha. PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili yaliyofutwa, ilitembea usiku kucha, ikatoa picha za Windows na takataka nyingine, namba zangu hakuna. Diski ni SSD, ile isiyozunguka. Ukiifomati kwa Windows inapewa amri ya TRIM, yaani inaambiwa sehemu hizi hazina mwenyewe tena, na yenyewe inazisafisha. Ingekuwa diski ya zamani ya kuzunguka labda tungeokota kitu.

Nilirudi kwa fundi na picha ileile na majibu ya smartctl. Nilitaka vitu viwili, anirudishie 85,000 na akiri kwamba alifuta bila ruhusa. Akaniambia nimeshaondoka na laptopu ikiwa nzima, kwa hiyo hatudaiani. Kuna vijana wawili walikuwa pale na laptopu zao mkononi. Niliwaambia kwa sauti wasimwachie.

Kwa mwenye laptopu iliyokwama kama yangu: ikishawaka kwa ule mstari, fahamu kwamba ni wa safari moja tu. Tengeneza faili ndani ya /etc/modprobe.d/ lenye jina linaloishia .conf, andika blacklist nouveau, kisha endesha sudo update-initramfs -u, kwa sababu moduli hiyo inaweza kuwa imenakiliwa pia kwenye initramfs, yaani mfumo mdogo unaopakiwa mwanzoni kabisa mwa kuwaka, na itaitwa mapema kabla faili lako halijasomwa. Halafu hamisha data zako kwanza, siku hiyohiyo.

Nauliza pia, kuna aliyewahi kumdai fundi kwa data zilizofutwa akafanikiwa? Alianzia wapi, serikali ya mtaa au mahakama ya mwanzo? Nina ujumbe wa simu niliomwandikia asubuhi ile asifute kitu, na umesomwa.

Msimamizi wangu amesema vipimo vya masika haviwezi kuzibwa na vya kiangazi, maji ya mvua yanabadilisha floridi kisimani. Nasubiri Machi.