Tupeane uzoefu: mbwa anayechagua chakula, nyinyi wenzangu mwafanyaje?

Mtunzaji wa Casuarina
Hamjambo wote. Mimi natunza nyumba huku Malindi upande wa Casuarina, wenyewe ni Wataliano, wao huja msimu wa kaskazi na ikifika Aprili mvua zikianza warudi kwao, mbwa wabaki na mimi. Wako wawili. Wa kiume hana neno, ukimwekea ugali na matumbo wakuta sahani imelambwa mpaka yang'aa. Shida ni huyu wa kike. Wenyewe wakiwepo wampa pasta ya nyama ya kusaga na jibini juu, wakiondoka mimi niko na unga, dagaa na matumbo ya buchari. Namwekea, aja, anusa, halafu aanza mambo yake, asukuma sahani kwa pua polepole kama mtu anayefukia kitu mchangani mpaka yagonga ukuta, kisha achomoa nyama kipande kimoja kimoja kwa meno ya mbele na kila tonge la ugali lililoshikana na nyama alitema pembeni, ukija asubuhi wakuta matonge makavu yamejipanga barazani. Mbavu zimeanza kuonekana. Wenyewe nao wapiga simu ya video wataka kumuona, lakini hata bila ya hiyo simu mimi nampenda huyu mbwa na simtaki akonde mikononi mwangu. Naomba kila mwenye mbwa msumbufu wa chakula aeleze wake, alikataa nini, mlijuaje sababu, na alirudije kula.

Mama wa Muyeye
Pole sana kakangu. Mimi kabla ya kubadilisha chakula ningeuliza kwanza ni nani mwengine amlisha. Wetu alianza kukataa chakula mwezi wa Ramadhani, usiku namwekea hagusi na cha ajabu yuanenepa. Nikamwambia kijana wangu hebu mfuate tujue ashinda wapi. Kumbe njia yake aijua vizuri, magharibi yuko kwa jirani, watoto wakishafuturu wamrushia sambusa na mkate wa sinia, akitoka hapo ni kwa mama wa viazi karai kule barabarani, na wa bajia naye ampa. Sasa mbwa aliyeshiba sambusa ya nyama ugali atautakia nini? Niliwaendea mmoja mmoja kwa heshima na hakuna aliyekasirika, wengi walidhani alala njaa wakamuonea huruma. Nikawaeleza pia kwamba kitunguu kina madhara kwa mbwa, kiwe kibichi kiwe kimepikwa, chamharibu damu, na nyama ya sambusa mwajua wenyewe ilivyojaa kitunguu. Chakula chake nikakileta mbele, nampa kabla ya magharibi badala ya usiku. Sikutumia dawa nyengine yoyote.

Kijana wa Barani
Mnyime tu. Njaa ikimkamata atakula. Wetu tulimfanyia hivyo na sasa hachagui.

Mfugaji wa Gede
Hapo ndugu yangu tuweke mpaka. Mbwa mzima mwenye afya, anayekunywa maji na kuchangamka, akiruka siku moja haimdhuru, na mimi nafanya hivi: naweka chakula dakika 15 au 20, asipogusa naondoa na hapati kitu katikati mpaka saa ya mlo mwengine. Lakini mtoto wa mbwa usimfanyie hivyo, sukari ya mwilini yashuka haraka, aanza kutetemeka na kulegea na waweza kumpoteza. Na hata mkubwa akipitisha siku mbili hajatia kitu mdomoni hiyo si habari ya kuchagua tena, tafuta daktari wa mifugo.

Halafu sahani ya kukaa chini kutwa huku kwetu ni balaa, joto la Februari na Machi chakula chachacha saa chache tu na sisimizi ndio hao. Wangu alikuwa aja mpaka kwenye sahani halafu arudi nyuma ajipangusa pua kwa mguu, nikainama kutazama, sisimizi wale wadogo wekundu wamezunguka ukingo mzima na wengine wako ndani ya wali, ukitia pua wakuuma. Sasa sahani naiweka ndani ya karai lenye maji kidogo, hawavuki. Na wakati wa joto kali nampa alfajiri na usiku, mchana hana hamu na simlazimishi.

Mkulima wa Kakuyuni
Wangu ni wa shamba, kazi yake ni kufukuza nyani kwenye mahindi na mihogo, mbwa wa kula chochote. Akaanza kuchagua, ugali hataki, ataka uji na mchuzi tu, nyumbani wakasema amedekezwa. Mimi sikukubali, manake mbwa hawezi kula ugali miaka yote bila ya neno halafu wiki moja tu ageuke. Nikamkalisha kivulini nikamfunua mdomo wa juu. Fizi zake siku zote ni nyekundu za kung'aa, siku hiyo zilikuwa nyeupe, wabonyeza kwa kidole na rangi yachelewa kurudi. Kugeuza masikio, kupe wamejazana kwenye mikunjo, na katikati ya vidole wale wakubwa wa kijivu walioshiba. Mkojo nao umegeuka wekundu wa kahawia.

Daktari wa mifugo alimpima damu akasema ni homa ya kupe, ziko za aina zaidi ya moja na nyengine zavunja chembe nyekundu za damu, akampiga sindano na vidonge vya kwenda navyo nyumbani. Hamu ya kula ilirudi hata vidonge havijaisha. Tangu hapo namwogesha dawa ya kupe kwa kufuata muda aliouandika daktari, na banda nalo napuliza, kwa sababu hawa kupe wa mbwa hujificha kwenye nyufa za kuta, ukimtibu mbwa peke yake wampanda tena.

Kwa hivyo kakangu wa Casuarina, leo leo mfunue huyo wa kike. Tazama fizi, tazama meno ya nyuma kama kuna lililovunjika au kuoza, nusa mdomo. Umesema achomoa nyama kwa meno ya mbele peke yake. Mimi hilo ndilo lililonishtua katika maelezo yako yote, huenda kutafuna kwamuuma.

Muuguzi, Malindi mjini
Naongeza neno kabla watu hawajaanza kufungua midomo ya mbwa. Mfungue mbwa unayemjua, aliyechanjwa, na tabia yake ni ile ile. Mbwa aliyeacha kula ghafla, mate yamtiririka, ashindwa kumeza, taya limelegea au sauti imebadilika, huyo usimtie mkono mdomoni ukidhani amekwamwa na mfupa. Chaweza kuwa kichaa cha mbwa, na ugonjwa huo dalili zikishatokea kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Ukiumwa, au mate yake yakigusa kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo, usingoje kuona mbwa atakuwaje. Na mbwa wachanjwe kila mwaka jamani, tafadhalini.

Mvuvi wa Mayungu
Huku pwani mimi naona samaki ndio dawa ya mbwa msumbufu. Mbwa hula kwa pua kwanza, ulimi wake haupambanui ladha kama wetu ila pua yatushinda mbali sana, kwa hivyo chakula kilichotoka kwenye friji baridi hakimwiti. Nachukua vichwa vya samaki, changu, tafi, kolekole, chochote kilichopatikana, nachemsha kwa maji matupu, hakuna chumvi hakuna kitunguu hakuna pilipili. Vikiiva nachuja, nyama naichambua kwa vidole taratibu mpaka nihakikishe sisikii mwiba, na miba naifukia mbali manake akiipata itamkwama. Ule mchuzi ndio nausongea ugali. Si kumwagia juu, ukimwagia juu atalamba mchuzi akuachie ugali wako, lakini ugali uliosongwa na mchuzi wenyewe harufu imeingia ndani, hana pa kuchagua. Nampa ungali na uvuguvugu. Dagaa wa chumvi waroweke usiku kucha na maji yale uyamwage. Samaki mbichi simpi.

Na mnaotembea na mbwa ufukweni, tahadharini na bunju. Akiingia kwenye wavu twamtupa, na wako wanaomtupa pale pale mchangani, mawimbi nayo yawaleta wengine. Sumu yake haitoki kwa jua wala kwa kupikwa, mbwa akimtafuna aanza kutapika, miguu yalegea, pumzi yakata. Na huyo anayekataa ugali nyumbani ndiye hodari wa kuokota vya ufukweni, kwa hivyo mfunge kamba mkiwa huko. Wavuvi wenzangu nao nawaomba mfukieni, hata watoto wapita hapo.

Mzee wa Mambrui
Assalam alaykum. Mimi ni Muislamu na nina mbwa wa kulinda mbuzi, yuko nje kwenye banda lake, sufuria yake, sahani yake na mwiko wake mbali na vyombo vya nyumba. Kiumbe ukishamfunga mlangoni kwako chakula chake ni amana juu yako, hilo halina mjadala. Wangu alikataa ugali baada ya masika. Unga wa gunia la mwanzo alikula, tulipofungua la pili akanusa akalala. Mke wangu akatia mkono mpaka chini ya gunia akatoa unga umeshikana mabonge, una uvundo. Lilikuwa limekaa sakafuni na unyevu umepanda. Tukaumwaga wote, hata kuku hatukuwapa. Mwakumbuka 2004 kule Ukambani watu 125 walikufa kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi, basi mbwa naye ni katika wanyama ambao sumu hiyo yawaharibu ini upesi. Na wako wanaonunua mahindi yaliyoota ukungu kwa bei ya chini wakisema ni ya mbwa. Wallahi msifanye hivyo. Gunia weka juu ya mbao, na mbwa akikataa unga mpya nusa wewe kwanza kabla ya kumlaumu.

Bibie wa Lamu
Huku Lamu mjini mbwa ni wachache, wenye mitaa ni paka na punda, lakini nimesoma yote. Kwa wenye paka tu: hiyo habari ya kunyima msiijaribu kwa paka. Paka akikaa siku mbili tatu hajala, hasa aliyenona, mafuta yamjaa kwenye ini na aweza kufa.

Mtunzaji wa Casuarina
Ahsanteni sana wote, wallahi sikutarajia msaada wote huu. Nimemfunua. Fizi ni nyekundu nzuri, kupe ni wachache nimewatoa, lakini jino kubwa la juu kushoto, la nyuma, limepasuka na fizi pembeni imevimba, nilipoligusa akavuta kichwa akalia kidogo. Mkulima wa Kakuyuni Mungu akuweke. Daktari wa mifugo amekuja, asema jino hilo ndilo huvunjika sana kwa mbwa wanaotafuna mifupa migumu, litatolewa wiki ijayo na kwa sasa amempa dawa ya maumivu. Wenyewe nimewaeleza na wamekubali kulilipia. Na lile swali la Mama wa Muyeye nalo lilikuwa na jibu, wochimani wetu wa usiku ampa chapati na chai ya maziwa kila alfajiri, naye alimuonea huruma kwa kukonda. Tumeelewana, sasa chakula chapita kwangu. Jana nimesonga ugali laini kwa mchuzi wa vichwa vya changu, amekula karibu wote, matonge mawili matatu tu ndio alitema. Swali langu lililobaki, wali wa nazi je? Huo aupenda sana.

Mfugaji wa Gede
Tui zito hapana, mafuta mengi yamharisha na kuna mbwa wengine kongosho lavimba kabisa. Mpe wali mweupe, chenga zatosha, utie mchuzi ule wa Mayungu. Jino likishatolewa endelea na vyakula laini mpaka kidonda kifunge, na mifupa migumu ondoa kabisa, hata huyo wa kiume. Wenyewe wakirudi na pasta yao waambie wasimbadilishie kwa siku moja, wachanganye kidogo kidogo kwa wiki nzima.

Mvuvi wa Mayungu
Vichwa njoo mapema mashua zikiingia, sema ni vya mbwa wa Casuarina, nitakuwekea.