Kiti, meza ya kusimamia, kutembea au mazoezi ya sakafuni: kipi kinasaidia uti wa mgongo kweli?

Pingili_ya_Tano (mleta mada)
Wakuu salama? Kazi yangu ni ya kompyuta, masaa nane mpaka tisa nimekaa, na siku hizi nikinyanyuka kitini natembea nimeinama kama mtu aliyedondosha hela. Sio maumivu ya kulazwa ila yanakera. Nataka nibadilishe tabia mapema na uwezo wangu kwa sasa ni kitu kimoja tu: kiti cha maana chenye egemeo la kiuno, au meza ya kupandisha na kushusha nifanye kazi nimesimama, au kutembea kila siku, au mazoezi ya sakafuni dakika kumi. Naomba aliyejaribu zaidi ya kimoja aniambie tofauti, asinitajie tu anachokipenda.

MzeeWaSpana
Kiti nilinunua. Wiki ya kwanza raha tupu, nikawa nawasifia watu. Baada ya miezi mitatu mgongo uko pale pale, na nilipojichunguza nikagundua kile cha zamani kilikuwa kinaniumiza kwa hiyo nilikuwa nanyanyuka kila baada ya muda mfupi, hiki kipya kitamu nakaa kuanzia asubuhi mpaka mchana hata maji siendi kunywa. Sasa sijui nimlaumu nani hapo.

Nuru_Viungo
Mzee umesema kitu cha maana bila kujua 😂 Mimi nafanya fiziotherapia, hii naiona kila wiki. Kati ya pingili na pingili kuna diski, na diski ya mtu mzima karibu yote haina mishipa ya damu ndani, chakula chake kinapenya kutoka pembeni na mwendo ndio unasaidia, unaibana unaiachia unaibana unaiachia, kama sponji. Ukikaa mkao mmoja masaa matatu, hata uwe mkao wa kupigiwa picha, umeinyima hiyo kazi. Kwahiyo @Pingili_ya_Tano kiti na meza usivishindanishe sana, swali langu ni unabadilisha mkao mara ngapi.

kaka_bodi
Meza ya kusimama ninayo. Ukweli ni kwamba nilisimama siku nzima kwa sifa, jioni kiuno kikawa afadhali ila magoti na nyayo zinawaka moto. Sasa hivi nasimama kama nusu saa nakaa nusu saa, hapo ndo nikaona faida yake. Lakini nusu saa ya kukaa na kusimama hata kwenye meza ya kawaida unaweza, unasimama tu ukisoma au ukiongea na mtu, sema mimi bila ile meza kunikumbusha nasahau.

Cherehani_Usiku
Mi fundi cherehani, nimeinama maisha yangu yote. Siku kiuno kilipokamata sikuwa hata nimebeba kitu, nimeamka tu, bobini imedondoka chini ya meza, nikainama miguu imenyooka, nikasikia kama kitu kimechanika, nikabaki nimeshika meza dakika tano nzima siwezi kwenda juu wala chini. Bobini jamani!! Haifiki hata uzito wa sarafu. Mpaka leo sielewi.

Nuru_Viungo
@Cherehani_Usiku pole sana. Usiku ukilala diski zinafyonza maji zinajaa, ndio maana asubuhi mtu ni mrefu kuliko jioni, inaweza kufika sentimita moja mpaka mbili. Zikiwa zimejaa hivyo ukiinama kiuno kinabanwa zaidi. Wagonjwa wangu nawaambia saa la kwanza baada ya kuamka wasiinameiname, kama kuna cha kuokota piga goti moja chini. Uzito wa kitu sio hesabu yote, kiwiliwili chako chenyewe ukiinama ni mzigo tosha.

Bingwa_wa_Sakafu
Mazoezi ndo mpango mzima, hayo mengine porojo. Mimi nafanya matatu: kuinua kichwa na mabega kidogo nikiwa chali, kulala ubavu najinyanyua kwa kiwiko, na kupiga magoti nanyoosha mkono na mguu wa upande wa pili. Dakika kumi tu. Na lala kwenye godoro gumu au sakafu kabisa, godoro laini ndo adui.

Nuru_Viungo
Hayo matatu ni mazuri, napinga la godoro. Kuna utafiti wa Hispania, mwaka 2003, watu 313 wenye maumivu ya kiuno, waliolalia godoro la ugumu wa wastani walipata nafuu kuliko waliolalia gumu. Na kuhusu kutembea, Australia walifuatilia watu 701 ambao maumivu yao yalikuwa yameisha, majibu yakatoka 2024. Waliowekewa mpango wa kutembea na kuelimishwa walikaa siku kama 208 kabla maumivu kurudi, wengine 112. Mpango wenyewe ulikuwa wa kuongeza kidogo kidogo mpaka nusu saa, mara tano kwa wiki. Mimi ningeanza na hilo, halafu mazoezi ya Bingwa yaje baadaye.

dada_mkoba
Na mkanda wa kiuno je? Mi nauvaa kutwa.

Nuru_Viungo
Kujikinga kwa kuuvaa kutwa hakuna ushahidi wa kueleweka. Ila dada, kwanini unauvaa? Kama kuna ganzi sehemu za siri, mkojo unakataa au unajitokea, au mguu unaishiwa nguvu, hayo sio ya kujadili hapa, nenda hospitali leo leo.

dada_mkoba
Hapana hayo sina, nauvaa sababu napendeza nao kidogo 🙈

Pingili_ya_Tano
Hahaha. Basi kiti nimeahirisha, naanza kutembea kesho jioni. Swali la mwisho, vikao vya simu nikivifanya huku natembea inahesabika?

Nuru_Viungo
Inahesabika. Zima maiki tu ukipanda mlima, tunakusikia unavyohema.