Mjadala: Mgeni wa fantasy atoe mchango kama sisi, au msimu wa kwanza acheze bure?

Mtoa mada, Temeke

Wakuu, habari za jioni.

Naleta jambo lililotugawa kijiweni kwetu, na nadhani vijiwe vingi vya jiji hili vinaligombania kila ikikaribia Agosti. Tuna ligi yetu ndogo ndani ya Fantasy Premier League, ule mchezo wa simu ambao unapanga kikosi cha wachezaji halisi wa Ligi Kuu ya England na kuvuna pointi kwa wanavyocheza. Msimu uliopita tulikuwa 24. Kila mmoja alitoa elfu 20, ikawa laki 4 na elfu 80, akazishika mweka hazina, na Mei wakagawana watatu wa juu. Safari hii wamekuja vijana sita ambao hawajawahi kucheza. Nusu ya kijiwe inasema sheria ni moja, watoe. Mimi nasema msimu wa kwanza wacheze bure na sisi wenyeji tuwafundishe.

Mchezo wenyewe hauna malipo, ni sisi tulioweka hela juu yake. Na unaonekana mwepesi. Unapewa paundi milioni 100 za mchezoni, unachagua watu 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5, washambuliaji 3, wasizidi 3 kutoka klabu moja. Mtu anayeshinda kibanda umiza akitazama mechi kila Jumamosi anaona ameshajua. Kumbe kujua mpira ni jambo moja na kujua mchezo huu ni jingine.

Nitajitolea mfano. Januari 2020 Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala, alijiunga na Aston Villa. Nikamnunua siku ileile, na nani hapa Dar hakumnunua? Mechi yake ya kwanza ya ligi, kule Bournemouth, akafunga. Mtaa mzima ulilipuka. Machi mosi akafunga tena, kwa kichwa, Wembley, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Goli lile mpaka leo nikilikumbuka nasisimka. Nilikuwa nimempa unahodha raundi ile nikijua pointi zake zitazidishwa mara mbili. Nikafungua simu usiku: sifuri. Mechi za kombe hazihesabiwi, na mechi ya ligi ya Villa wiki ile ilikuwa imesogezwa kupisha fainali. Nahodha wangu hakuwa na mechi kabisa. Sikuwa na mtu wa kunieleza kwamba kabla hujampa mtu unahodha unaangalia kwanza ratiba.

Lile lilikuwa somo la bure, nililipa kwa pointi tu. Sasa mweke mgeni mwenye elfu 20 yake ndani. Kila raundi una badiliko moja la bure. Ukizidisha, kila mchezaji wa ziada anakukata pointi 4. Mwenye hela yake mle hawezi kutulia. Misimu miwili iliyopita tulikuwa na kijana wa bodaboda. Oktoba alikuwa mkiani, akaanza kuuza kila aliyekosa goli Jumamosi. Kuna raundi alibadilisha watu wanne, akaanza na hasi 12 kabla mpira haujapigwa. Novemba akaniambia, "Kaka, hii inachelewa, bora mkeka." Akahamia kwenye mikeka ya kubeti, na huko hajarudi. Nililipokea jambo lile kama letu, maana sisi ndio tuliomfundisha kwamba mpira una hela ya kukimbiza.

Karibuni, tujadili.

Mchangiaji, Sinza

Mkuu, nakuheshimu lakini hapa nakupinga. Kwetu tulijaribu bure misimu miwili. Agosti kelele nyingi, majina ya timu ya mbwembwe, kila mtu kocha. Ilipofika Desemba karibu nusu zilikuwa timu hewa. Mchezaji kaumia tangu Septemba bado yupo kikosini, na bado ana unahodha! Ligi ya namna hiyo haina raha hata kwa anayeongoza, kwa sababu hashindani na mtu. Tulipoweka elfu 10 tu, watu wakaanza kukumbushana usiku wa Ijumaa. Hela haikuwa tamaa, ilikuwa kengele ya kuwaamsha. Na mgeni anajifunza haraka akiwa na kitu chake mle. Fundi cherehani hajifunzi kukata kwa magazeti siku zote, lazima siku moja apewe kitambaa.

Mchangiaji, Kariakoo

Naungana na wa Sinza, na naongeza hili. Watu wanachanganya mchango na kamari. Kwenye mkeka kuna kampuni upande wa pili, na hesabu zake zimepangwa ili mwisho wa mwezi yeye abaki na faida. Kwenye ligi ya kijiwe hakuna wa katikati, shilingi yote iliyoingia inarudi kwa wachezaji. Na miezi kumi ya kupanga kikosi haifanani na dakika 90 za kuomba timu tano zishinde. Mimi naiona kama upatu wenye akili. Huyo kijana wa bodaboda angekwenda kwenye mikeka hata bila fantasy, matangazo yake yamejaa kila kituo cha daladala.

Mchangiaji, Kigamboni

Ndugu zangu, mimi ni mama, na fantasy nacheza mwaka wa tatu sasa na wenzangu kazini. Nazungumza kwa sababu mwanangu wa kidato cha tatu aliniomba elfu 20 "ya ligi" mwezi Agosti. Ana miaka 16. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inafunga mlango kwa aliye chini ya miaka 18. Mnaweza kubishana mpaka asubuhi kama mchango wenu ni kamari au upatu. Lakini dirisha la mikeka lingemrudisha nyumbani, na kijiwe kama chenu kilikuwa tayari kumpokea. Kaka wa Kariakoo, anayeshika hela yenu aliwahi kumuuliza mtu umri?

Sisi kazini hatuchangi hela. Anayeshika mkia kwa mwezi ananunua soda na karanga za ofisi nzima. Timu hewa hatunazo, maana hakuna anayependa kununua soda za watu 11 mara mbili mfululizo.

Mchangiaji, Mwenge

Mimi naomba niongelee timu hewa, maana nyingine hazijatelekezwa, zimekosa saa tu. Mgeni hajui kwamba mlango wa kubadilisha kikosi unafungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi. Mechi ya mapema ya Jumamosi kule Uingereza huanza saa sita na nusu mchana kwa saa zao. Sisi, kuanzia Agosti mpaka Oktoba, mlango unafungwa saa saba mchana. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa zao nyuma, kwetu inakuwa saa nane. Miezi mitano unazoea saa nane. Jumapili ya mwisho ya Machi wanazipeleka mbele tena, unakuja saa saba na nusu na mlango umeshafungwa. Na kukiwa na mechi ya Ijumaa usiku, wengi hawakumbuki kabisa, wanajua fantasy ni Jumamosi. Wekeni mtu mmoja wa kukumbusha kwenye grupu, mtashangaa timu ngapi zitafufuka.

Mtoa mada, Temeke

Nashukuru kwa michango. Dada wa Kigamboni, swali lako limenichoma, kwa sababu na sisi hatujawahi kuuliza umri. Kati ya hawa sita, wawili bado wanavaa sare za shule. Hilo halina mjadala kwangu: hawatoi hata shilingi, wala zawadi ya hela hawaguswi nayo.

Wa Kariakoo, nakubali kwamba hakuna kampuni katikati. Lakini kijana anayepoteza hasikii tofauti hiyo. Anachosikia ni kwamba elfu 20 yake inakwenda, na ana wiki chache za kuirudisha. Ndiyo maana nimemsimulia yule wa bodaboda. Sikusema fantasy ni mkeka. Nilisema tulimpa haraka kabla hatujampa elimu.

Na elimu yenyewe si nyingi. Hawa sita nimeanza nao jana jioni kwenye benchi la fundi viatu. Jambo la kwanza: nunua dakika, usinunue jina. Mchezaji akifikisha dakika 60 ana pointi 2, akitoka kabla ana 1, asipocheza hana kitu. Vijana wote sita walikuja na kikosi cha majina. Nikawapigia hesabu ya msimu wa 2025/26, ambao Mohamed Salah alianza kwa milioni 14.5 na Erling Haaland kwa 14. Ukiwachukua wote wawili zimeondoka 28.5, unabaki na 71.5 kwa watu 13, yaani 5.5 kila mmoja. Si kosa kuwachukua, lakini ujue benchi lako litakuwa la watu wasiocheza, na siku mmoja akiumia hakuna wa kuingia.

Jambo la pili ni nafasi. Goli la mshambuliaji ni pointi 4, la kiungo 5, la beki 6. Kwa hiyo mtu aliyeandikwa kiungo lakini uwanjani anasimama mbele ana thamani kuliko anavyoonekana. Beki ambaye timu yake haikufungwa ana 4. Na tangu 2025/26 beki akifikisha vitendo 10 vya kuokoa, kuzuia, kunasa pasi na kukaba katika mechi moja, anaongezewa 2. Yule beki wa timu ndogo anayeshinda kutwa anapiga mipira nje, ambaye zamani hakuna aliyemtazama, sasa ni mtaji.

La tatu ndilo ninalolisisitiza kuliko yote: usibadilishe kwa hasira. Badiliko usilotumia halipotei, linatunzwa, na tangu 2024/25 unaweza kuweka mpaka 5. Waildikadi, ile inayokuruhusu kubadili kikosi chote bila kukatwa, usiifungue wiki ya pili eti kwa sababu jirani kakupita pointi 20. Na ukimuuza mchezaji aliyepanda bei, unapata nusu tu ya faida. Kapanda 0.2, unaondoka na 0.1. Ukitaka kumrudisha unalipa bei kamili. Vijana waliposikia hili walinyamaza kidogo, mmoja akafuta watu watatu kwenye karatasi yake.

Sasa wa Sinza. Kuhusu timu hewa una haki, nimelifikiria usiku. Napendekeza hivi: mgeni aliyetimiza miaka 18 aweke elfu 5 ya dhamana. Akiangalia timu yake mpaka raundi ya 38 anarudishiwa yote, hata akiwa wa mwisho. Akiitelekeza, inaingia kwenye zawadi. Hapo kengele yako ipo, lakini hakuna cha kukimbiza.

Mchangiaji, Sinza

Hapo umenisogeza. Ila nani ataamua kwamba timu imetelekezwa? Umetoka kuwafundisha watu kutobadilisha kila wiki. Mtu anaweza kukaa raundi tatu bila kugusa na ana sababu zake.

Mtoa mada, Temeke

Kweli kabisa. Tutaangalia unahodha na majeruhi. Raundi tatu mfululizo ukiwa na nahodha ambaye hachezi, timu hiyo haina mwenyewe. Asiyebadilisha wakati watu wake 11 wote wanacheza tutamwacha na amani yake. Jumapili baada ya mechi tunakaa kijiweni kupiga kura, na nitalisoma pendekezo hili pamoja na la umri. Dada wa Kigamboni, kama hutajali, la soda pia nitalipeleka.

Mchangiaji, Kigamboni

Lipeleke, kaka. Na huyo wangu nitamleta kwako Jumamosi, akae na hao wenzake kwenye benchi la fundi viatu. Elfu 20 nimemnyima, lakini kikosi chake nimekiona, ana makipa wawili wa timu moja.