Uzamili wa afya ya jamii upande wa uraibu, hasa mliotokea Tabora: tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Kuna vijana wawili kazini kwangu wamepata nafasi ya kusoma uzamili wa afya ya jamii, na wote wananiuliza swali moja: nikichagua uraibu nitajuta? Nimewaambia wasubiri niulize wenzangu. Vipeperushi vya vyuo wanavyo, leteni yaliyowakuta.

Naanza mimi. Utafiti wangu ulihusu pombe za kienyeji, kata moja nje kidogo ya Tabora mjini. Nilibeba dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani: maswali 10, alama 0 hadi 40, ukifika 8 unywaji wako umeshaanza kutia shaka. Darasani lilikuwa jepesi. Swali la pili linauliza, siku unayokunywa, unakunywa vinywaji vingapi? Kinywaji kimoja kwa hesabu yao ni gramu 10 za kilevi chenyewe, yaani bia moja ya mililita 500 yenye asilimia 5 inakaribia vinywaji viwili. Sasa mzee wangu wa kwanza, rika la marehemu baba, akanijibu: "Mwanangu, wanzuki tunakunywa kwa kopo, na kopo linazunguka. Nani anahesabu?"

Na wanzuki wa jana si wa leo, asali inaendelea kuchacha. Gongo ndiyo balaa. Ikiwa na asilimia 40, mililita 100 tu zina gramu zaidi ya 30, ila hiyo 40 nani kaipima? Kila mpishi na mtambo wake. Wiki mbili nzima nilikuwa nanunua makopo, vikombe na chupa tupu za maji, nayapima kwa jagi la jikoni. Mke wangu alidhani nafungua kilabu.

Ridhaa nayo ilinitoa jasho. Kibali cha maadili ninacho, barua ya mkoa ninayo, mtendaji kagonga muhuri. Halafu namwomba mama anayepika gongo, kitu kilichokatazwa kisheria, atie saini kwenye fomu. Akaiangalia karatasi, akaniangalia mimi. "Hii ikifika polisi, utanilelea wanangu wewe?" Ikabidi nirudi kwenye kamati kuomba ridhaa ya mdomo isiyo na jina. Miezi miwili ikapotea hapo. Vijana, ombeni hilo tangu mwanzo.

Mtoto wa Urambo
Mkuu, mimi niliikimbia pombe nikachukua tumbaku, nikijua nimezaliwa nayo. Nilisoma habari za ugonjwa wa majani mabichi: nikotini inapenya kwenye ngozi ya mchumaji, hasa jani likiwa na umande au mvua, anapata kizunguzungu, kichwa, anatapika. Anapata sumu hata kama hajawahi kuvuta sigara.

Nilipomweleza baba, neno lake la kwanza lilikuwa, "Ada yako ililipwa na nini?" Nikanyamaza. Tumekaa, chai imepoa, akauliza tena: "Kwa hiyo ile malaria ya mama yako ya kila msimu wa kuchuma haikuwa malaria?" Sikuweza kusema ndiyo, sikuweza kusema hapana. Hakuna aliyewahi kumpima.

Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007, na kifungu cha 17 kinataka wakulima wasaidiwe kupata shughuli mbadala. Baba akauliza mbadala gani, na atanunua nani. Kwenye tasnifu sikujifanya nina jibu. Bado analima. Ila siku hizi hawaingii shambani mpaka umande ukauke, na mashati ya mikono mirefu amenunua mwenyewe.

Bando la Usiku
Mimi nilisoma kwa mtandao chuo cha Uingereza nikiwa Nzega, kwa ufadhili. Kipindi cha saa kumi na mbili jioni London kwetu ni saa tatu usiku, wao wakisogeza saa zao mwishoni mwa Machi inakuwa saa mbili. Umeme ukikatika unasikiliza kwa simu. Inawezekana, ila mwambie mwenza wako mapema.

Nesi wa Ujiji
Nikiwa masomoni Dar nilipelekwa kliniki ya Muhimbili ile iliyofunguliwa 2011, inayotoa methadone, dawa ya kutibu uraibu wa heroini. Nilikuwa nasema "mateja" kama kila mtu. Siku ya pili dada mmoja akaniita pembeni: "Sista, mimi nina jina." Tangu hapo nikasema mraibu, au jina la mtu. Kilichonishangaza ni kwamba walikuwa wanakuja kila siku, wanakunywa dozi mbele ya mhudumu. Kuacha unga, yaani heroini, ghafla kunaleta arosto, ule ugonjwa wa kuukosa; methadone inaizuia mtu akaweza kufanya kazi. Nilikuwa nawaza nyumbani Kigoma: anayeanza dozi Dar, msiba ukitokea Kasulu, anasafirije siku mbili? Swali hilo ndilo likawa tasnifu yangu.

Mama Wawili
Samahani, mimi sijasoma hayo. Mume wangu alikuwa mnywaji wa kila siku. Ndugu wakamfungia chumbani aache, tukiomba. Siku ya pili akatetemeka, akaanguka kifafa, usiku wake akawa anaona watu ukutani. Tukasema ni mapepo. Hospitali daktari akasema ni pombe iliyokatwa ghafla. Walimwokoa. Hivi nyie mnaosoma, kwa nini hatukuambiwa kabla?

Mzee wa Ajira
Yote sawa, ila ajira ipo? Au ndiyo cheti cha ukutani?

Mleta mada nimerudi. Mzee wa Ajira, nafasi iliyoandikwa "mtaalamu wa uraibu" sijaiona huku. Nimerudi kwenye meza yangu ileile, kazi ndiyo imebadilika. Mama Wawili, pole sana, na una haki ya kuuliza. Degedege hiyo huja kati ya saa 6 na 48 baada ya tone la mwisho, kuona vitu hufuata siku ya pili hadi ya nne, na inaweza kuua. Anayekunywa kila siku asikatishwe chumbani, apelekwe hospitali apunguziwe kwa dawa na vitamini B1. Hayo niliyajua darasani, na kwenye kata yangu nilipita nyumba kwa nyumba nikiuliza makopo mangapi, sikumwambia hata mmoja. Jumamosi narudi kule. Nimemwomba mtendaji nusu saa kwenye mkutano wa kitongoji.

Vijana wangu, makopo yangu saba yaliyopimwa bado yapo, njooni myachukue. La nane mke wangu anapimia unga wa ugali.