Eti "wamelala tu"! Yule muuza samaki wa mapambo leo kanidhalilisha

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule bwana mwenye matenki ya samaki kule Ngamiani, hapa Tanga, nyote mnamjua, wala simtaji, atajijua kwa maringo yake.

Nimenunua kwake kichupa cha atemia hai, vile vikamba vidogo vya maji ya chumvi, nikawalishe samaki wangu wadogo, gapi. Nafika nyumbani nakiweka mbele ya taa: kimya. Msiba mzima uko chini ya kichupa. Nikarudi nacho, duka limejaa. Akakiinua, akafumba jicho moja, akasema: "Mbona wazima, dada angu? Wamelala tu."

Wamelala! Saa saba mchana! Wamechoka na nini, walikuwa wanapakua meli bandarini?

Duka zima likaangua kicheko. Katoto ka shule kakaniamkia shikamoo huku kanacheka, shikamoo ya kejeli! Nikasema harufu hii si ya usingizi. Akakitikisa: "Umeona? Wanageuka." Wanageuka kwa sababu unawatikisa! Hata mimi nikifa leo, ukinitikisa nitageuka. WAMELALA, eti.

mwana_wa_raskazone: Ila dada, atemia kweli huogelea chali, miguu juu. Usije ukawa umewazika watu wanaogelea zao.

Mwenye uzi: Anayeogelea chali anachezesha miguu! Hawa hata mguu mmoja. Na bado mtu mzima ananiambia wamelala, mbele za watu!

fundi_pampu: Umepanda bajaji na kichupa juani, umewachemsha mwenyewe. Kula supu yako kimya kimya.

chumvi_kiasi: Mnanunua hai ya nini? Tafuta mayai makavu ya atemia, chumvi gramu 25 hadi 30 kwa lita, joto kama digrii 28, taa iwake, pampu ya hewa isizimike. Saa 24 hivi wanatotoka. Ukizima hewa, maganda yanaelea, wao wanakimbilia mwanga, unawavuta kwa mpira. Wasuuze kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, walishe mapema, maana kiini wanachototoka nacho kikiisha hawana tena faida kubwa. Na usimwage wengi: ndani ya maji baridi wanakufa baada ya saa chache, tenki linanuka.

kachori_mbili: Pampu isizimike, Tanga ipi hiyo? Huku Makorora umeme wenyewe umelala tu 😂

Mwenye uzi: Cheka. Siku yako inakuja.

bi_harusi_mtarajiwa: Bora wewe vikamba. Mimi yule fundi cherehani wa karibu na soko, mnamjua, nguo yangu ya harusi kila siku "iko njiani". Njia ipi, na cherehani iko hapo hapo alipokaa?

kachori_mbili: Yule?! Suruali yangu mguu mmoja unafika kwenye goti.

Mwenye uzi: Jamani, uzi ni wa atemia!

mzee_wa_tongoni: Binti, samaki ni wa kukaanga. Wavuvi wa Tanga hii wamenasa silikanti, ambaye wataalamu walidhani alitoweka zamani za kale mpaka alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938. Miaka yote hiyo hakuna aliyemnunulia kichupa.

bi_harusi_mtarajiwa: Shikamoo mzee. Huko Tongoni hakuna fundi cherehani?

mzee_wa_tongoni: Marahaba. Yupo. Ila naye mwongo.