Corolla 110 manyuali: giaboksi inavuma nikiwa nyutro, nikikanyaga klachi inanyamaza

Mpigadebe07
Wakuu, salaam. Kuna Corolla 110 ya manyuali, injini 5A, muuzaji anataka tumalizane wiki hii. Injini safi, bodi haijachezewa. Shida ni giaboksi.

Gari ikiwa sailensa (imewashwa, sijakanyaga mafuta), gia nyutro, kuna mvumo "vuuuu" upande wa kushoto wa injini. Nikikanyaga klachi unakata, nikiachia unarudi. Barabarani gia ya 1 hadi ya 4 inavumilika, lakini ya 5 inapiga unyende hasa. Halafu asubuhi ikiwa bado ya baridi, kurudi kutoka 3 kwenda 2 inakwaruza.

Muuzaji anasema ni beringi ya klachi tu, fundi anamaliza siku moja. Ni kweli, au naingia kichwakichwa?

Kanyagia
Mkuu, huyo muuzaji ama hajui ama anakujaribu. Beringi ya klachi inafanya kazi pale unapokanyaga, kwa hiyo ikifa inalia UKIKANYAGA na kunyamaza ukiachia. Yako iko kinyume.

Ukikanyaga klachi, shafti ya kuingilia inaachana na injini na kusimama. Mlio ukikata hapo, basi unatoka kwenye kitu kinachozunguka na shafti hiyo, na mshukiwa wa kwanza ni beringi zake. Hizo ziko ndani. Giaboksi inashuka na kupasuliwa.

Ila tofautisha mvumo na mgongano. Kama ni "kakakaka" kavu ambayo inapotea ukipandisha mzunguko kidogo, mpaka 1,200 kwa dakika hivi, hiyo mara nyingi ni meno ya gia yanacheza kwa sababu springi za kwenye pleti ya klachi zimelegea. Inaudhi lakini haiui. Mvumo laini unaopanda pamoja na mzunguko wa injini ndio wa beringi.

Jeki_Stendi
Mimi ningeangalia gia ya 4. Kama ikiwa ya 4 inanyamaza na nyingine zote zinalia, ni shafti ya chini, ile ya pembeni inayopokea mzunguko kutoka shafti ya kuingilia.

Spana24
@Jeki_Stendi hiyo ni ya Hilux na magari mengine ya kusukuma nyuma, ambako gia ya 4 kwa kawaida inapita moja kwa moja na shafti ya chini haibebi mzigo. Corolla inavuta mbele, giaboksi yake ina shafti mbili tu na hakuna gia inayopita moja kwa moja. Kipimo hicho hapa kitakupoteza.

Mpigadebe07, fanya hivi kabla hujatoa hata shilingi. Tafuta barabara tupu, fika 60, kanyaga klachi, weka nyutro, acha injini ishuke sailensa gari likiendelea kuserereka. Mlio ukikata, uko upande wa injini na shafti ya kuingilia. Ukiendelea na kupungua kadiri gari linavyopunguza mwendo, uko kwenye shafti ya kutokea, difu (gia za kugawa nguvu kwa tairi mbili), beringi za tairi au tairi zenyewe. Beringi ya tairi utaijua ukiyumbisha usukani taratibu: ukikata kulia, mzigo unahamia kushoto, na ya kushoto ikiwa mbovu inazidisha kelele. Na "tak tak tak" ukikata usukani mpaka mwisho ni jointi ya shafti ya tairi, usiisingizie giaboksi.

Gia ya 5 kulia peke yake kunanipa wazo moja: oili. Kwenye hizi giaboksi gia ya 5 imekaa mwishoni kabisa, nje ya ukuta, chini ya kifuniko chake. Oili ikipungua, ndiyo ya kwanza kukaukiwa. Cheki sili za shafti za tairi, kushoto na kulia, kama kuna unyevu. Mara nyingi mtu amechomoa shafti kubadilisha jointi, akachana mdomo wa sili, na oili ikavuja kidogo kidogo kwa miezi bila mtu kuangalia kiwango.

Mpigadebe07
Nashukuru. Nimefanya cha 60: mvumo wa sailensa unakata, ila unabaki mwingine mdogo unaofuata mwendo. Sili ya kushoto imelowa. Muuzaji amekubali nimwage oili. Nifanyeje nisiharibu?

Spana24
Gari likae sawa kwenye stendi nne au kwenye shimo, siyo kuinuliwa mbele tu, la sivyo kiwango kitakudanganya. Liwe limetembea kidogo ili oili iwe ya uvuguvugu.

Anza na nati ya KUJAZIA, spana 24. Ikikataa kufunguka, acha kazi hapo hapo. Ukishamwaga ndipo ugundue ya kujazia imegoma, gari halitoki hapo. Ikifunguka ingiza kidole: oili inatakiwa iwe usawa wa mdomo wa tundu au chini yake kwa milimita 5 tu. Ndipo umwage kwenye beseni safi na upime ujazo. Inachukua lita 1.9 hivi.

Kisha angalia sumaku ya nati ya chini na oili yenyewe juani. Uji wa kijivu laini kama grisi ni kawaida. Vumbi la rangi ya dhahabu linalometameta ni ringi za sinkronaiza, zile za kulinganisha mwendo wa gia ziingie bila kukwaruza. Vipande bapa vinavyong'aa vinavyochoma kidole ni beringi inabanduka. Ukikuta kipande cha jino, mrudishie mwenyewe ufunguo.

Rudishia oili ya giaboksi ya GL-4 75W-90, weka ringi mpya za washa kwenye nati zote mbili, kaza Nm 39 kwa spana ya kupimia nguvu. Usikaze kwa bomba refu, kasha ni alumini. Kujaza, tumia faneli na mpira mrefu kupitia juu ya injini mpaka oili ianze kutoka kwenye tundu.

Kanyagia
Naongeza: nusa na utazame uzito wake. Wapo wanaojaza oili ya 140, nzito sana, ili kuziba kelele siku ya kuuza. Utajua kwa gia kuwa ngumu asubuhi na kulainika baada ya kilomita kadhaa. Kwa hiyo huko kukwaruza kwa 2 kusihukumiwe mpaka oili sahihi iingie.

Na jaribu rivasi: kanyaga klachi mpaka chini, hesabu mpaka 10, ndipo uingize. Ikikwaruza bado, klachi haiachi vizuri. Angalia maji ya klachi na silinda ya chini inayosukuma klachi kwenye giaboksi, maana klachi inayoburuta inakula sinkronaiza kila siku.

Mpigadebe07
Imetoka lita 1 na kidogo, nyeusi, nyepesi. Dhahabu ipo kiasi, na vipande bapa vitatu hivi kwenye sumaku.

Spana24
Basi beringi zimeanza kubanduka na oili mpya haizirudishi. Piga hesabu kama giaboksi ya kupasua: beringi za shafti zote mbili, ringi ya sinkronaiza ya gia ya 2, ukaguzi wa meno ya gia ya 5, sili ya shafti ya kuingilia na za pande mbili, silikoni ya kufungia. Klachi seti, yaani pleti, presha na beringi, iingie wakati huo huo, kwa kuwa kazi ya kushusha ni ile ile. Fundi akikuta shimu (visahani vyembamba vya kurekebisha nafasi) nyuma ya beringi za difu, azirudishe upande ule ule.

Njia ya pili ni giaboksi ya mtumba. Hakikisha idadi ya meno ya shafti ya kuingilia na uwiano wa difu ni ule ule. Zungusha shafti kwa mkono ukiwa umeingiza kila gia, sikiliza mikwaruzo, itikise juu chini. Ikicheza wazi wazi, iache dukani.

Gharama ya moja kati ya hizo mbili ndiyo punguzo la kudai. Akishikilia kuwa ni beringi ya klachi tu, mwambie aitengeneze mwenyewe kwanza, siku yake hiyo moja.