Mnaotushauri tuwamwagie paka maji eti ni "wivu tu", mmetuharibia paka

Wanajamvi, nimenyamaza kwa miezi minne na leo nimechoka. Paka wangu dume, mwenye umri wa miaka 3, alianza kwa kulinda bakuli la chakula, akahamia kwenye kiti ninachokalia, na hatimaye akayafanya mapaja yangu kuwa mali yake, kiasi kwamba paka jike tunayeishi naye hakuweza kunikaribia bila kurukiwa. Daktari wa mifugo niliyemwendea alimtazama kwa dakika zisizozidi tano, bila hata kumfungua kinywa, akaniambia kwamba huo ni wivu tu, nimmwagie maji kila anaponguruma, naye atanyooka. Nililipa, nikafanya nilivyoelekezwa.

Hakunyooka. Alichojifunza ni kwamba jike akitokea, maji nayo hufuata. Kwa hiyo akaanza kumshambulia mapema zaidi, tena kimyakimya, kwa kuwa ngurumo niliyokuwa nikiiadhibu ndiyo iliyokuwa onyo lake. Siku nilipoingiza mkono kati yao niliumwa, na mkono ukavimba hadi nikalazimika kwenda hospitali, kwani meno ya paka ni membamba na hupeleka vijidudu ndani kabisa ya nyama.

Daktari wa pili alianzia pale ambapo mwenzake alipaswa kuanzia: alimkagua kinywa na kukuta jino bovu na ufizi uliovimba. Mnyama anayeumwa hulinda alichonacho kwa ukali zaidi, jambo ambalo sidhani linahitaji elimu kubwa kulielewa. Kisha akaniuliza kuhusu masanduku ya mchanga wanamojisaidia. Lilikuwa moja, kwa paka wawili, tena kwenye kona yenye njia moja tu ya kutokea, ilhali ushauri wa kawaida ni sanduku moja kwa kila paka na jingine la ziada. Mabakuli nayo niliyapanga ubavu kwa ubavu, nikiamini kwamba wanafurahia kula pamoja, kumbe paka kwa asili hula peke yake.

Sasa jino limeng'olewa na kila mmoja anakula mahali asipomwona mwenziwe. Dume akikakamaa mapajani, masikio yakilala na mkia ukianza kuchapa, mimi husimama polepole bila kumkemea. Akishashuka, hana tena cha kulinda. Jike akipita kwa mbali, nampa dume kitafunwa akiwa bado ametulia. Maendeleo ni ya kinyonga, na bado siku nyingine hujilaza mlangoni akimkodolea mwenziwe macho asipite, vita ambavyo wageni huviita usingizi.

Nilimwandikia yule daktari wa kwanza nikimweleza yote haya na kudai fedha zangu. Amenijibu kwamba huenda sikumwaga maji ya kutosha.